MREJESHO: Baridi ya Njombe kwenye pikipiki

Wakuu, ni mimi niliyeuliza nifanyeje vidole visife ganzi nikitoka Makambako kwenda Njombe alfajiri, Julai hii. Aliyesema adui ni upepo kuliko baridi yenyewe, heshima yako.

Nimeweka gazeti kifuani ndani ya koti, glavu za sufu ndani na za mpira juu. Kidumu cha lita 5 nimekikata nikakifunga usukanini kukinga mikono, mbali na klachi na breki. Kinachekesha, lakini jana nimefika nikahesabu chenji mwenyewe. Zamani abiria ndiye alinihesabia!

Kioo cha helmeti bado kinashika ukungu, nakiachia upenyo wa kidole. Miguu ndiyo inanishinda: mfuko wa nailoni juu ya soksi unazuia upepo, ila jasho linalowesha. Na mifuko yenyewe tangu ipigwe marufuku 2019 ni ya kuitafuta.