Ganzi ya ndani ya goti kwa mgonjwa anayelala nyumbani: ipi bora?

Pima_Dozi: Wakuu, tulinganishe. Goti limefanyiwa upasuaji wa kamera, jioni mgonjwa anarudi kwake. Kabla ya kufunga matundu, kiungoni iingie dawa ya ganzi, bupivakeini au ropivakeini, au mchanganyiko wenye mofini au ketorolaki (dawa ya maumivu ya jamii ya aibuprofeni)? Au tuache kiungo, tupige ganzi neva ya paja?

Ganzi_Salama: Kwa kupunguza kipande cha meniskasi (kile kimto cha ndani ya goti), sindano moja ya bupivakeini inatosha. Mililita 20 za asilimia 0.25 ni miligramu 50. Watu hukosea hesabu: mililita 30 za asilimia 0.5 ni miligramu 150, wakati mgonjwa wa kilo 60, kwa kipimo cha miligramu 2 kwa kilo, mwisho wake ni 120. Na ile uliyochoma kwenye ngozi ya matundu nayo ihesabiwe humo humo.

Gegedu_Kwanza: Mimi nachagua ropivakeini, seli za gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni) huivumilia kuliko bupivakeini ya nguvu ile ile. Ila hatari kubwa ni pampu inayotiririsha ganzi kiungoni kwa siku mbili au zaidi. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo mwaka 2009 kwa sababu ya gegedu kufa, hasa begani. Likishakufa halioti tena. Pampu isiwekwe kiungoni, basi.

Pima_Dozi: Na mofini?

Ganzi_Salama: Kwa miligramu 1, uchambuzi wa 2016 wa Cochrane, mtandao unaopima tafiti za tiba, haukupata ushahidi thabiti kwamba inaizidi plasibo (dawa tupu ya kulinganishia). Ketorolaki ina msaada, lakini huingia kwenye damu: usimrundikie aibuprofeni au diklofenaki jioni hiyo hiyo. Mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu asipewe kabisa.

Nesi_wa_Jioni: Jamani, chagueni yoyote, taabu inaanza ganzi inapoisha. Hudumu saa chache tu. Mgonjwa anatoka hasikii kitu, hamezi dawa, usiku wa manane maumivu yanamwamsha yakiwa yameshapanda, na kuyashusha hapo ni kazi. Parasetamoli gramu 1 aimeze kabla hajaondoka, kisha kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Kwenye karatasi mwandikieni saa yenyewe, “saa 12 jioni, saa 6 usiku”, msiandike “ukiumwa”. Barafu dakika 20 juu ya kitambaa, maana ngozi yenye ganzi haisikii ikiungua kwa baridi. Mto ukae chini ya kisigino. Ukikaa chini ya goti, goti litazoea kukunja.

Gegedu_Kwanza: Kuhusu neva: ganzi ya neva ya paja hulegeza msuli wa mbele, mgonjwa anaanguka akienda chooni. Kama ni kujenga upya ligamenti (kano inayoshika mifupa ya goti), ichomwe katikati ya paja upande wa ndani. Msuli hubaki na nguvu zaidi. Magongo ni lazima hata hivyo.

Nesi_wa_Jioni: Na maumivu yanayopanda siku ya tatu, goti la moto na homa, hofia usaha kiungoni. Shavu la mguu likivimba na kuuma, hofia damu iliyoganda. Arudi siku hiyo hiyo, asiongezewe vidonge kwa simu.