Kiwanja cha mteremko Goba: nijaze kifusi au nifuate mlima?

MtuWaBondeni
Wakuu habari za mchana. Nina kiwanja Goba, 20 kwa 30, kutoka barabarani mpaka mwisho kinashuka kama mita 6, yaani ukisimama getini unaona bati la jirani. Nataka nyumba ya kisasa vyumba vinne, na mama anahamia kwetu, magoti yanamsumbua. Fundi anasema tupige ukuta wa mawe kule chini tujaze kifusi kiwe flati. Naona kama hela yote itaishia ardhini, mnashaurije?

ZegeHalilali
Piga hesabu mkuu, mita 6 kwenye 30 maana yake kila mita 5 unashuka 1, sasa nyumba ikienda bondeni mita 15 tayari umepata tofauti ya mita 3, hiyo si ghorofa kabisa? Usiifukie. Juu usawa wa barabara weka paking, sebule, jiko na chumba cha mama, anaingia bila kupanda ngazi hata moja. Chini vyumba vya watoto, madirisha yaangalie bondeni. Ila ule ukuta wa vyumba vya chini, upande wa barabarani, umebeba udongo, uwe wa zege na nondo, mhandisi apige hesabu, sio tofali za kulaza. Nyuma yake mwaga kokoto na bomba la matundu maji yatoke pembeni, udongo ukiloa unasukuma balaa.

MamaPacha
Sisi Makongo Juu tulijaza. Mwaka wa pili jamvi la sebule, yaani zege la sakafu, likapasuka katikati, fundi alimwaga kifusi chote siku moja akashindilia juu juu, wakati ilitakiwa tabaka tabaka, sentimita 20 hivi, maji, shindilia, ndio unaongeza. Masika ilipofika maji yote yakaenda kwa jirani wa chini, aisee alikuja na jembe mkononi.

Kibarua05
Mnamshauri ghorofa kana kwamba nondo zinagawiwa bure 😂

ZegeHalilali
Na ukuta wa mawe wa kushika kifusi je, unagawiwa? Jumlisha na malori ndio ulinganishe.

MtuWaBondeni
Na shimo la choo? Nilitaka kona ya chini kabisa.

MamaPacha
Uchafu haupandi mlima ni kweli, lakini gari la kunyonya litasimama barabarani, kuvuta toka chini sana halitaweza. Weka ubavuni, chini kidogo ya sakafu ya watoto, basi.

MtuWaBondeni
Daah hilo sikuwaza. Jioni nampigia fundi, najua atanuna.