Woodsman, High Standard au Ruger Standard: ipi niongeze kabatini?

Mtoto wa Korogwe
Wakuu, habari za saa hizi. Nina bunduki tatu kabatini, zote ndefu. Sasa nataka bastola moja ya zamani ya kulengea shabaha, ya risasi za .22. Hapa Dallas kuna mzee anauza vitu vya marehemu kaka yake: Colt Woodsman, High Standard Supermatic na Ruger Standard. Kwangu anaachia moja tu, nyingine zinagombewa na wapwa zake. Bei ya kirafiki. Anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nichukue ipi? Nawasilisha.

Fundi Bawaba
Mleta uzi, umekuja kuposa bila kutaja hata ukoo. Woodsman ya mwaka gani? Hizo zilitengenezwa toka 1915 hadi 1977, matoleo matatu. Supermatic imeandikwa Hamden au mji mwingine? Bei ya kirafiki ni dola ngapi? Unataka kuipiga au kuitazama? Na picha ziko wapi?

Mama Tausi
Kabla ya hayo yote mdogo wangu, karatasi zako zikoje? Mwenye grini kadi ananunua kama mwenyeji, lakini mwenye viza ya masomo au ya matembezi sheria inamkataza, labda awe na msamaha kama ule wa leseni ya uwindaji. Usije ukachezea makazi yako kwa ajili ya kachuma ka .22.

Kozi Mwepesi
Chukua Ruger ulale usingizi. Ilitoka 1949 kwa dola 37.50, ndiyo iliyoijenga kampuni. Angalia nembo ya tai kwenye kishikio: akiwa mwekundu, ni zile za mwanzo kabisa. Sturm, mshirika wa Ruger, alipofariki 1951 tai akageuzwa mweusi. Tai mwekundu akiwa halisi, huna haja ya kuuliza tena humu.

Chui wa Houston
@Kozi umeshawahi kuifungua hiyo Ruger ukairudisha? Mimi nilikaa nayo mezani toka futari mpaka daku. Kile kijiti cha nyundo kisipodondokea sawasawa kwenye springi, inagoma kukoki, na hapo unaanza upya. Hadi mke wangu aliniuliza kama nimenunua bastola au fumbo.

Kozi Mwepesi
Unaiinamisha mdomo juu, halafu mdomo chini. Dakika mbili. Tatizo ni mikono yako.

Babu Shaba
Vijana, tulieni niwape yaliyonikuta. Mwaka fulani nilinunua Woodsman kwa muuzaji mmoja kwenye maonyesho ya silaha. Inang'aa bluu kama bawa la inzi, na mimi nikayeyuka. Nimefika nyumbani, nimewasha taa ya mezani na kushika lenzi, ndipo naona kingo zote zimelainika kama sabuni iliyotumika, na yule farasi wa Colt ubavuni amebaki kivuli, miguu ya mbele haionekani. Ilisuguliwa ikapakwa rangi upya. Kwa mkusanyaji, thamani imeshaondoka hapo.

Nikasema basi, nitaipiga tu. Nikanunua risasi za kawaida za dukani, zile za kasi kubwa. Sikujua kwamba Woodsman za mwanzo, za kabla ya 1932 hivi, zilitengenezwa kwa risasi za kasi ya kawaida. Alama iko nyuma ya kishikio, pale kiganja kinapokaa: ikiwa imechanjwa kidrafti ni ya zamani, mpe risasi za pole, ikiwa na mistari ya kulala, inavumilia za kasi. Yangu ilikuwa drafti. Boksi la pili halijaisha, kile chuma cha nyuma kikapata ufa mwembamba kama unywele. Halafu magazini ya ziada niliyouziwa kumbe ni ya toleo la baada ya vita, haikuingia hata kwa kuibembeleza. Muuzaji nilipompigia akasema aliuza kama ilivyo.

Kwa hiyo kijana, nenda na lenzi, siyo na moyo.

Fundi Bawaba
Pole sana Babu. Ndiyo maana mimi ni mtu wa High Standard ya Hamden. Mtutu unachomoka kwa kubonyeza kitufe, unasafisha unarudisha. Kasoro yake ni magazini: midomo ikipinda kidogo tu, risasi zinakwama.

Mtoto wa Korogwe
Asanteni. Grini kadi ninayo. Woodsman namba sikuangalia. Mistari pia sikuangalia. Halafu nilisahau kusema, natumia mkono wa kushoto.

Mama Tausi
Ulisahau mkono wako?

Chui wa Houston
Hapo umebadilisha mada nzima. Usalama wa Woodsman uko upande wa kushoto, umewekewa dole gumba la mkono wa kulia. Utahangaika.

Kozi Mwepesi
Visingizio. Károly Takács wa Hungaria, guruneti lilimharibu mkono wa kulia 1938, akajifunza kwa wa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki 1948 na 1952. Yule hakuuliza mtu.

Chui wa Houston
Takács alikuwa mwanajeshi, huyu ni wa Korogwe.

Babu Shaba
Kuna jingine. Omba leseni ya mkusanyaji kwa ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, dola 30 kwa miaka mitatu, silaha iliyotimiza miaka 50 inaweza kukufikia toka jimbo jingine. Majimbo mengine yana masharti yao ya ziada.

Ndizi Mzuzu
Samahani wakuu, nimepita tu. Hela ya bastola ya pili, ya tatu, si mtu unaweka kiwanja Kibaha?

Fundi Bawaba
Kiwanja cha Kibaha kinauzwa mara tatu kwa watu watatu. Bastola angalau ina namba moja.

Ndizi Mzuzu
Hahaha, hiyo inauma. Mimi ni mmoja wa hao watatu.

Mama Tausi
Eleza Ndizi, eneo gani? Shemeji yangu naye anataka kununua huko.

Mtoto wa Korogwe
Wakuu, mzee kasema tuonane Ijumaa saa kumi jioni badala ya Jumamosi. Hiyo lenzi inauzwa wapi?

Babu Shaba
Duka la stempu. Na picha bado hujaleta.