Kwa nini Irene Adler wa kitabuni anashinda, na wa kwenye runinga anaokolewa?

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma

Habari zenu, ndugu zangu wapenzi wa hadithi za upelelezi. Ninafundisha fasihi hapa Kigoma, na kila Jumamosi alasiri hukaa na wanafunzi wachache wa kidato cha tano, wengi wao wasichana, tukasoma hadithi ambazo hazimo katika mtaala. Mwezi uliopita tulisoma "A Scandal in Bohemia" ya Arthur Conan Doyle, moja ya hadithi zake za mpelelezi Sherlock Holmes, iliyotoka mwaka 1891, kisha nikaazima projekta tukatazama sehemu ya mfululizo wa Sherlock wa BBC iliyorushwa tarehe 1 Januari 2012, ambayo imejengwa juu ya hadithi hiyo hiyo. Vipande visivyofaa darasani nilivipitisha haraka.

Kwa wasioikumbuka hadithi yenyewe: Mfalme wa Bohemia anataka kuoa binti wa kifalme, naye anahofia picha aliyopigwa pamoja na Irene Adler, mwimbaji wa opera mzaliwa wa New Jersey. Watu wake wamejaribu mara tano kuipata picha hiyo na mara zote tano wamerudi mikono mitupu. Mfalme anampa Holmes kazi hiyo. Holmes anajigeuza kasisi, anaingizwa nyumbani kwa Irene akijifanya majeruhi, anapanga watu wapige kelele za moto, na Irene anakimbilia pale alipoificha picha. Holmes anaona kazi imekwisha. Usiku huo, akiwa mlangoni kwake Baker Street anatafuta ufunguo, kijana mwembamba aliyevaa koti anapita na kumtakia usiku mwema, tena kwa jina lake. Kijana huyo ni Irene. Asubuhi Holmes anapofika na mfalme kuchukua picha, wanakuta mwanamke ameondoka na mumewe kwa treni ya saa kumi na moja na robo alfajiri, na ameacha barua.

Katika runinga, Irene anauza starehe za maumivu kwa wakubwa, mpango wake ameshauriwa na Moriarty, jambazi mkuu na adui wa Holmes, na neno la siri la simu yake linajulikana kwa sababu Holmes amemshika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo wake, akatambua kwamba anampenda. Mwishoni amepigishwa magoti huko Karachi akisubiri kukatwa kichwa, na Holmes ndiye anayemwokoa.

Taa zilipowashwa, msichana mmoja ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kusema kidogo aliinuka akauliza: "Mwalimu, huyu aliyemshinda Holmes kwa akili mwaka 1891, kwa nini mwaka 2012 ashindwe na moyo wake mwenyewe?" Nilimwomba anipe wiki moja. Wiki imekwisha, na jibu ninaloridhika nalo sijalipata. Ninaomba mnisaidie.

---

Msomaji wa Kiloleni, Tabora

Mwalimu, shikamoo, na umpe hongera mwanafunzi wako, kwa kuwa ameona jambo ambalo wahakiki wengi hulizungukazunguka.

Naanza na maandishi yenyewe. Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia hadithi, anatamka wazi, katika aya ya kwanza kabisa, kwamba Holmes hakuwa na hisia za mapenzi kwa Irene. Alichokuwa nacho kilikuwa heshima, na heshima hiyo aliilipia, kwa sababu kabla ya siku ile alikuwa na mazoea ya kuzifanyia mzaha akili za wanawake, na baada ya siku ile aliacha. Mfalme anaposikitika kwamba Irene hakuwa wa hadhi yake, Holmes anamjibu kwamba kweli hadhi zao zinatofautiana sana, na msomaji anaelewa nani yuko juu. Anapewa pete ya thamani akatae, aombe picha ya Irene peke yake. Hadithi nzima inasimama juu ya kushindwa huko. Ukikuondoa, kinachobaki ni wizi wa picha.

Sasa tazama walichofanya watengenezaji wa filamu ndani ya miaka michache tu. Filamu ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Guy Ritchie imemfanya Irene mwizi anayetumwa na Moriarty. Sherlock ya 2012 imemfanya mshirika wa Moriarty. Elementary, mfululizo wa runinga ya Marekani ulioanza mwaka huo huo wa 2012, imekwenda mbali zaidi ikamfanya awe Moriarty mwenyewe. Kazi tatu, na katika zote tatu jina la Irene limefungwa kwenye jina la Moriarty, mtu ambaye Conan Doyle alikuwa hajamtaja popote alipoandika hadithi ya Irene, kwa kuwa aliingia mwaka 1893. Mwandishi wa enzi ya Malkia Victoria hakuona haja ya kuweka mtu wa kuueleza werevu wa mwanamke huyu. Alimpa akili, akampa sababu, akampa nguo za kiume na ujasiri wa kupita mbele ya mlango wa adui yake, ikatosha. Waandishi wa karne yetu ndio wanaoona werevu huo hautoshi bila jambazi mkuu nyuma yake au penzi mbele yake. Elementary angalau imempa ukubwa wa aina nyingine, lakini bei yake ni kwamba mwanamke aliyetaka tu kuachwa aishi kwa amani na mumewe sasa ni muuaji.

Wala tusiseme kwamba kamera haiwezi kuibeba hadithi kama ilivyo. Mwaka 1984 kampuni ya runinga ya Granada iliitengeneza, Jeremy Brett akiwa Holmes na Gayle Hunnicutt akiwa Irene, na barua ikaachwa, ushindi ukabaki kwa mwenyewe. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba mtu alikaa mezani akaamua.

---

Mjukuu wa Mama Mawese, Ujiji

Mwalimu na Msomaji wa Kiloleni, ninakubaliana nanyi, lakini kwangu mimi jeraha kubwa zaidi liko kwa Miss Marple, bibi mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, na hasa kwa wanawake wawili wanaomzunguka katika riwaya ya 4.50 from Paddington ya mwaka 1957.

Katika riwaya hiyo, mama mmoja mtu mzima, Bibi McGillicuddy, anasafiri kwa treni. Treni nyingine inakwenda sambamba na ya kwao, pazia la dirisha linafunguka, naye anamwona mwanamume akimnyonga mwanamke. (Sisi wa reli ya kati, ambao treni yetu husubiri kituoni ili ipishane na nyingine, tunapaswa kwanza kuwazia reli mbili zilizolala ubavu kwa ubavu.) Hakuna anayemwamini isipokuwa rafiki yake Miss Marple, ambaye hasemi "pole, umechoka na safari." Anachukua ramani na ratiba za treni, anapima wapi treni hupunguza mwendo kwenye kona, akatambua ni shamba la nani maiti imetupwa. Yeye ni mzee na mwili hauruhusu, kwa hiyo anamwajiri Lucy Eyelesbarrow.

Huyu Lucy ninampenda kuliko wahusika wote wa Christie. Amehitimu hisabati Oxford kwa daraja la kwanza, kisha akaamua kwa hiari kufanya kazi za nyumbani, kwa sababu aliona kwamba watu wenye ujuzi huo wamekuwa adimu na wanaohitaji wako tayari kulipa vizuri. Anaingia katika nyumba ile kama mfanyakazi wa ndani, anapika, anapanga, anawahudumia wagonjwa na wakorofi, na wakati wa mapumziko anajifanya anafanya mazoezi ya gofu ili apate sababu ya kupekua vichaka. Maiti anaipata yeye. Dada zetu wangapi wanatoka Kasulu na Kibondo kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, wakaitwa "msichana wa kazi" hata majina yao yakasahaulika? Hapa kuna riwaya inayosema kazi hiyo ina akili ndani yake.

Filamu ya mwaka 1961, yenye Margaret Rutherford, imewafuta wote wawili. Bibi McGillicuddy hayupo, Lucy hayupo. Miss Marple mwenyewe ndiye anayeona mauaji, ndiye anayeajiriwa kama mtumishi, ndiye anayepata maiti. Wanawake watatu waliokuwa wakiaminiana wamekuwa mmoja, na nafasi ya rafiki wa kusaidia akapewa mwanamume, Bwana Stringer. Kuaminiana kule ndiko kulikokuwa kiini cha kisa.

Kisha vipindi vya ITV ya Uingereza vya kuanzia mwaka 2004 vikampa Miss Marple penzi la ujanani na mwanajeshi aliyekuwa mume wa mtu, akafa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kana kwamba mwanamke asiyeolewa lazima awe na kidonda kinachoeleza kwa nini anawajua watu. Mimi najua anavyowajua. Bibi yangu aliuza mawese miaka mingi. Mtoto aliyezoea kutumwa na kikombe akija siku moja na chupa, bibi alimpimia bila kuuliza, kisha akatuambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba ile ina mgeni na atakaa. Aliyelipa kwa noti mpya wiki ambayo mitumbwi haikupata dagaa, bibi alimkumbuka. Hakuwa na kidonda cha mapenzi kilichomfundisha hayo. Alikuwa amekaa pale, anatazama, na watu walimwona kama sehemu ya meza. Miss Marple na sindano zake za kufumia ni mtu huyo huyo, na ndiyo maana namheshimu mwigizaji Joan Hickson, ambaye kati ya mwaka 1984 na 1992 aliigiza riwaya zote kumi na mbili za Miss Marple akiwa ametulia na kunyamaza sana, macho yakifanya kazi.

---

Fundi wa Reli, Tabora

Ndugu zangu, ninaomba niweke upande wa pili bila kuvunja hoja zenu. Vitabu hivi havikuwa peponi kwa wanawake. Katika hadithi nyingi za Holmes mwanamke huja amefunika uso, analia, anaeleza shida, kisha anakaa pembeni. Mary Morstan, wa riwaya ya Holmes ya mwaka 1890, aliolewa na Watson na baada ya hapo anatajwa kwa kupita tu. Anayempa mtu kama huyo kazi ya kufanya hamnyang'anyi kitu.

Elementary hiyo hiyo iliyomharibu Irene imempa Lucy Liu nafasi ya Watson kama mwanamke, Joan, daktari wa upasuaji aliyeacha kazi baada ya kufiwa na mgonjwa, ambaye katika misimu saba anajifunza upelelezi mpaka anafanya kesi zake mwenyewe, na hawakumwoza kwa Holmes. Nilimtazama pamoja na binti yangu, na binti yangu alimfuata yeye zaidi ya Holmes. Kubadilisha si kosa. Swali langu huwa ni moja: baada ya mabadiliko, mwanamke huyu anajua nini ambacho wengine hawakijui? Joan anajua mwili wa binadamu na anajua majuto. Irene wa 2012 alikuwa anajua mengi, kisha dakika za mwisho akanyang'anywa yote.

---

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu yenu mara mbili, na la Mjukuu wa Mama Mawese nimelisoma kwa sauti mbele ya mke wangu, ambaye ameniambia kwamba mimi mwenyewe, nikisimulia hadithi ya Irene, huanza na Holmes mlangoni. Ana haki. Jumamosi hii tutaanza na barua ya Irene, na yule msichana wa nyuma ndiye atakayeisoma. Kisha nitawapa swali la Fundi wa Reli, walijibu kwa Irene wote tuliowataja hapa.

Nina ombi moja. Nakala ya 4.50 from Paddington siioni madukani hapa Kigoma, nami nataka wakutane na Lucy Eyelesbarrow kabla hawajaiona filamu ambayo hayumo. Kama kuna mwenye nakala Tabora, anaweza kuikabidhi kwa msafiri wa treni ya kuja huku. Nitakuwepo stesheni kuipokea, na nitairudisha kwa njia hiyo hiyo.

---

Msomaji wa Kiloleni, Tabora

Ninayo. Jalada limechanika, lakini kurasa zote zipo.