Boljointi ya Hilux 2WD imekwisha, nibadilishe zote au ya chini tu?

mkulima_tandahimba
Wakuu habari zenu. Nina Hilux pikapu ya 1992, 2WD, dizeli 2L, inapiga kazi Tandahimba na Newala kukusanya korosho vijijini kupeleka ghala la chama, na sahivi msimu ndo umechanganya. Mguu wa mbele kushoto unagonga ko ko ko nikiingia kwenye makorongo, nikikata kona kali unalia kama mlango wa banda, na tairi la upande huo limeliwa ndani mpaka waya zinachungulia. Fundi wa hapa kaingiza mtaimbo kasema boljointi (kile kiungo cha kuzunguka kinachoshika mguu wa tairi) imekwisha ila anaweza kuichomelea nimalizie msimu ndo ninunue nyingine. Mwingine anasema nitoe zote nne, za juu na za chini pande zote, na tairodi (fimbo za stelingi) na bushi kabisa, na malipo ya mnada wenyewe bado hayajaingia. Ipi ya lazima na ipi inasubiri? Na hiyo ya kuchomelea mnaionaje?

spana_17
Usichomelee mkuu. Mle ndani kuna kichwa cha chuma cha duara kimekaa kwenye kikombe na grisi, ukipiga moto chuma kinapoteza ugumu wake, grisi inaungua, raba inayeyuka, unabaki na kitu kimekaza leo kesho kinakatika. Ya chini ikichomoka mguu unalala chini ya gari na stelingi haikusaidii tena, sasa fikiria umejaza magunia unateremka mlima wa Newala kwenda upande wa Masasi.

Ila kabla ya kununua hakikisha mwenyewe. Kwenye 2WD yako tosheni baa (chuma kirefu kinachojipinda, ndo springi yake) imeshika amu ya chini, yaani mkono wa chini unaoshika mguu wa tairi, kwa hiyo boljointi ya chini ndo inabeba mzigo, na hapa mafundi wengi wanakosea, wanapiga jeki kwenye chesisi, tosheni inaisukuma amu chini inaikaba ile boljointi, unatikisa tairi unaona iko fiti kumbe imekwisha. Jeki weka chini ya amu ya chini, karibu na tairi kadri inavyoingia, tairi liachane na ardhi kidogo tu. Mmoja apitishe mtaimbo chini ya tairi anyanyue, wewe chungulia kwenye boljointi uone kama inapanda na kushuka. Halafu shika tairi juu na chini utikise, mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa hiyo ni beringi. Ukibaki ni boljointi. Ukishika kushoto na kulia ikacheza angalia tairodi.

dereva_nachingwea
Mi ya kwangu walichomelea na nikapiga nayo msimu mzima Nachingwea Ruangwa huko vumbi tupu haikunifanya kitu, msimtishe jamaa

spana_17
Ilikuwa ya juu au ya chini?

dereva_nachingwea
Ya juu

spana_17
Sasa si ndo hapo. Kwa gari hizo ya juu inashikilia tu mguu usiyumbe, haijabeba uzito. Hata hiyo nisingekushauri ila usimpe mwenzio moyo kwa kitu tofauti.

gereji_mikindani
Nakubaliana na spana. Kwenye kufungua, hizo zimefungwa kwa bolti kwenye amu, hazihitaji presi, ni kazi ya asubuhi hadi mchana kama bolti hazijaota kutu, na sisi wa pwani chumvi inazila kweli kwa hiyo mwagia oili ya kutu usiku wa kuamkia. Weka stendi kwenye chesisi na jeki ibaki chini ya amu MUDA WOTE, tosheni ina nguvu ikifyatuka inavunja mkono. Nati ya boljointi ilegeze usiitoe yote, kisha gonga nyundo nzito ubavuni mwa lile jicho la stabu (chuma kinachobeba tairi) boljointi ilipoingia, sio kugonga nyuzi, itaachia yenyewe na ile nati inaizuia isiruke. Ukifunga mpya weka kota pini mpya (kipini kinachozuia nati isifunguke), na tundu lake lisipolingana kaza nati mbele kidogo usirudishe nyuma. Yenye nipo (chuchu ya kupigia grisi) ijaze grisi taratibu, raba ikianza kutuna simama, ukizidisha inapasuka na vumbi linaingia.

Spea ukiagiza Kariakoo zinakuja na basi, ila feki za chapa ya 555 zimejaa, nunua kwa mtu unayeweza kumrudishia.

Na hilo tairi la waya toa leo.

mkulima_tandahimba
Asanteni sana. Tumepima kama mlivyosema, kushoto ya chini inapanda na kushuka inaonekana kwa macho, ya juu haina shida. Kulia kulikuwa na mchezo ila breki ikikanyagwa unapotea, kwa hiyo huko beringi tumekaza tu. Nimeagiza boljointi za chini mbili, kushoto na kulia, fundi wa kuchomelea kanuna. Swali la mwisho, alaimenti (kupima na kunyoosha tairi) lazima? Huku kwetu haipo.

gereji_mikindani
Lazima, la sivyo hilo tairi jipya linaliwa upande uleule. Ukileta mzigo Mtwara mjini pitia ufanyiwe, mpaka hapo nenda polepole na usijaze.

dereva_nachingwea
Usijaze msimu wa korosho 😂 haya bana