Mrejesho: Land Cruiser HZJ75 iliyokuwa ikitetemesha usukani

Ndugu zangu, niliwaeleza kwamba usukani wa Land Cruiser yangu ulikuwa ukitetemeka vibaya kila tairi la mbele lilipogonga shimo, na kwamba rimu ya kushoto ilikuwa ikilowa grisi nyepesi. Majibu yenu yaligawanyika kati ya shokapu ya usukani (kifaa cha kutuliza mtikisiko wa usukani) na beringi za naki, yaani kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele kulia na kushoto. Waliosema naki ndio waliopatia.

Nilifungua gurudumu hilo nyumbani Mikindani, gari likiwa limekaa juu ya stendi za chuma, wala si juu ya jeki peke yake. Ndani ya naki nilikuta uji wa kijivu, kwa sababu sili ya ndani ya ekseli (kizuizi cha oili) ilikuwa imekwisha na oili ya difu, yaani gia za ekseli, ikavuka na kuchanganyika na grisi. Beringi ya chini ilikuwa na vijishimo mahali pale pale roli zinapokaa gari linapokwenda moja kwa moja.

Nimebadilisha sili na beringi za pande zote mbili. Kisha, tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) ikiwa imetenganishwa, nikapima ukazaji wa beringi kwa mizani ya ndoano niliyoazima kwa muuza samaki, nikipunguza shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha ukazaji) moja moja hadi naki ikageuka kwa uzito uliotajwa katika kitabu cha ufundi. Shokapu, ambayo fundi mmoja alisisitiza ninunue, ni ile ile ya zamani, na mtetemo umekwisha hata kwenye mashimo ya kuelekea Newala.

Mpango wangu wa kuinua gari kupitia springi nimeuahirisha, kwani kutu ya chumvi imeanza kula chesisi karibu na hanga ya nyuma, yaani kishikizo cha springi, na kuchomelea hapo kunatangulia.