Tupeane uzoefu: tunaoishi na ndugu watu wazima wenye ulemavu wa akili

Mama Jose, Mbagala
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 23. Alipokuwa kitengo maalumu pale shule ya msingi nilipata nafasi ya kuuza vitambaa vyangu. Alipomaliza, basi, tunashinda wawili nyumbani. Watoto wadogo tunawazungumzia sana, hawa wakubwa tunawanyamazia. Ninyi mnafanyaje? Nani anawashika mkono nje ya familia?

Dada wa Likoni
Shikamoo mama, na pole. Namlea kakangu tangu mama alipofariki. Hawezi kuachwa peke yake. Inua Jamii ya serikali yetu huku Kenya huleta shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, ule mpango wa wenye ulemavu mkubwa, na apokeaye ni mlezi. Huishia kwenye unga na dawa za kifafa. Kilichoniokoa mimi ni mashoga zake marehemu mama: Jumamosi mmoja wao huja kukaa naye, nami naenda sokoni, nasukwa nywele, napumzika. Niliwaomba waziwazi. Hakuna aliyekataa.

Baba Mdogo, Moshi
Kijana wetu anapiga msasa kwa fundi seremala jirani, asubuhi hadi saa sita. Ijumaa fundi anamlipa mkononi mwake mwenyewe, mbele ya wenzake. Tulisisitiza hilo. Zamani mtaani walimwita jina baya, sasa wanamwita fundi.

Afisa ustawi, Kanda ya Ziwa
Naomba familia zije kujitambulisha mapema, kabla mlezi hajalazwa. Mara nyingi naitwa usiku, mama yuko wodini, kijana amefungiwa ndani na hakuna anayejua anakula nini. Halafu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa mikopo: 2 kati yake ni za watu wenye ulemavu. Vikundi ninavyopokea karibu vyote ni vya ulemavu wa viungo au wasioona. Wenye ulemavu wa akili hawana wa kuwasemea, na hilo linaniuma.

Mhudumu, Leicester
Kazi yangu huku Uingereza ni kuwahudumia watu hawa majumbani mwao. Mengi yanataka fedha za serikali, ila moja halina gharama. Kila mmoja ana karatasi ya kwenda nayo hospitali: anaonyeshaje maumivu, anaogopa nini, anameza vidonge vipi, nani apigiwe simu. Nesi asiyemjua anaanzia hapo. Mama Jose, andika ya kijana wako, nakala moja mpe mjumbe wa mtaa wenu.

Mama Jose, Mbagala
Asanteni sana. Nimeanza kuiandika: akiumwa tumbo hasemi, anajifunika shuka kichwani. Kumbe nayajua mengi ambayo hayapo popote ila kwangu. Na wenye mabinti, mbona mko kimya? Mnawalindaje mkiwa kazini? Tuambieni, hata kama ni kwa uchungu.